Pat Pattle: rubani aliyepanda ndege akiwa na homa

Kwa wengi wetu tunaopenda kusoma habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mazungumzo juu ya marubani wa ndege za kivita huanza na kuishia kusini mwa Uingereza, katika kiangazi cha mwaka 1940. Jina la Marmaduke Thomas St. John Pattle, ambaye wenzake walimwita Pat, halisikiki sana katika mazungumzo hayo. Alizaliwa Afrika Kusini mwezi Julai 1914 na akafa angani karibu na Athens tarehe 20 Aprili 1941, akiwa na umri wa miaka 26. Katika muda usiotimia miezi tisa ya mapigano alitungua ndege nyingi kiasi kwamba wanahistoria wengi wanamhesabu kuwa wa kwanza miongoni mwa marubani wote wa Uingereza na Jumuiya ya Madola katika vita vile. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa makala. Lakini mimi naandika kwa sababu kila ninaporudi kusoma siku zake za mwisho napandwa na hasira, na ningependa msomaji aelewe hasira hiyo inatoka wapi.

Mahali alipozaliwa ni Butterworth, mji wa Transkei ambao Waxhosa huuita Gcuwa. Babu yake alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza aliyehamia Afrika Kusini katika karne ya 19, baba yake aliwahi kuwa askari kabla ya kushika kazi za sheria, na mama yake alikuwa muuguzi. Baadaye familia ilihamia Keetmanshoop, kusini mwa nchi ambayo leo ni Namibia, nchi kavu yenye anga pana ambako mtoto anaweza kukiona kitu kikija kutoka mbali sana. Haifai kusimulia ujana wake bila kusema wazi kwamba njia aliyoipita ilikuwa imefungwa kwa vijana wengi waliozaliwa mji uleule mwaka uleule. Jeshi la Anga la Afrika Kusini halikumpokea Mwafrika kuwa rubani, na hata vita vilipopamba moto, Waafrika weusi wa nchi hiyo walioandikishwa jeshini waliwekwa katika kikosi cha kazi ambacho hakikupewa bunduki. Simlaumu Pattle kwa hilo. Nalitaja kwa kuwa habari za mashujaa huandikwa mara nyingi kana kwamba walianguka kutoka mbinguni, hali kila mmoja wao alitoka katika nchi yenye sheria zake na dhuluma zake.

Hata yeye mlango haukumfungukia mara moja. Alipomaliza shule aliomba kujiunga na Jeshi la Anga la nchi yake akakataliwa. Akafanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Sheba, karibu na Barberton, na inasemekana aliipenda kazi hiyo kiasi cha kufikiria kusomea uhandisi wa madini. Hata hivyo tamaa ya kuruka haikumtoka. Mwaka 1936 alikwenda Uingereza kujiunga na Jeshi la Anga la huko, ambalo wakati huo lilikuwa likitafuta vijana kutoka kila pembe ya himaya kwa sababu Ujerumani ilikuwa ikijenga jeshi lake upya kwa kasi. Huko ndiko kipaji chake kilipoonekana. Walimu wake walimpa alama za juu katika urushaji, na za juu zaidi katika kulenga shabaha.

Hapa inafaa nikae kidogo, kwa sababu ulengaji ndio siri yote ya rubani wa aina yake. Wakati ule ndege ya kivita haikuwa na kombora linalomfuata adui. Bunduki zilifungwa imara kwenye mabawa au kwenye kiwiliwili cha ndege, zikaelekea mbele, na rubani alilenga kwa kuielekeza ndege nzima. Ukimpiga risasi adui anayekatiza mbele yako, risasi zitafika pale alipokuwa, naye atakuwa amekwisha kupita. Kwa hiyo inakubidi upige mahali asipokuwapo bado, kama mtoto anayemrushia jiwe kunguru arukaye, huku wewe mwenyewe ukienda zaidi ya kilomita 400 kwa saa na mwili wako ukielemewa na uzito wa kona kali. Isitoshe, risasi zenyewe zilikuwa chache. Hurricane, ndege aliyokuja kuirusha baadaye, ilikuwa na bunduki nane za rashasha, na risasi zake zote zilikwisha kwa sekunde kama 15 za kupiga mfululizo. Wengi walizimaliza sekunde hizo wakiwa mbali mno na shabaha. Pattle alikuwa na subira ya kusogea karibu, tena alikuwa akiyafanyisha macho yake mazoezi ya makusudi ili aweze kuona vitu vya mbali haraka kuliko wenzake. Hakuwa mtu wa ulevi wala wa kelele. Waliomfahamu walimweleza kuwa mpole, mfupi wa kimo, mwenye kuifikiria kazi yake wakati wote.

Mwaka 1938 Kikosi Namba 80, alimokuwa, kilipelekwa Misri kikiwa na ndege za Gloster Gladiator. Gladiator ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na bunduki nne. Iligeuka upesi na iliheshimiwa na marubani wake, lakini ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati hata kabla ya vita kuanza. Italia ilipotangaza vita mwezi Juni 1940, ndege hizo ndizo zilizolinda mpaka wa Misri na Libya.

Pambano lake la kwanza lilikuwa tarehe 4 Agosti 1940, karibu na Bir Taieb el Esem, ndani ya Libya. Gladiator nne zilikuwa zikisindikiza ndege ya upelelezi ya Lysander pale zilipokutana na kundi kubwa la ndege za Waitaliano. Pattle alitungua mbili, ingawa baadhi ya bunduki zake zilikwama, kisha naye akatunguliwa. Aliruka kwa mwavuli na kutua jangwani, upande wa adui. Alitembea usiku, akatembea na mchana wa siku ya pili kwenye joto la mwezi wa Agosti, mpaka akavuka mpaka na kuokotwa na askari wa Kiingereza wa magari ya deraya. Alirudi kikosini akiwa na hasira na nafsi yake, si kwa sababu ya kiu wala uchovu, bali kwa kuona kwamba ameachia adui nafasi ya kumjia kwa nyuma. Siku nne baadaye Kikosi Namba 80 kiliwatega Waitaliano katika anga ileile na kutungua ndege zao kadhaa, naye akiwa miongoni mwa waliotungua. Tangu hapo hadi siku ya mwisho, hakuna mwenzake aliyemwona akishtukizwa tena.

Tarehe 28 Oktoba 1940 Italia iliivamia Ugiriki kutokea Albania. Wagiriki waliwarudisha Waitaliano nyuma milimani, na Uingereza, iliyokuwa imeahidi kuwasaidia, ilituma vikosi vichache vya ndege. Kikosi Namba 80 kilifika mwezi Novemba, na tarehe 19 mwezi huo Pattle alipata ushindi wake wa kwanza katika anga ya nchi ile. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa magumu kwa namna ambayo sisi watu wa joto tunaweza kuikisia tu. Viwanja vya ndege vilikuwa mashamba ya majani ambayo mvua iliyageuza kuwa matope, na ndege zilikwama zikisubiri jua. Mawingu yalifunika vilele vya milima ya Albania, na rubani aliyeshuka kutoka mawinguni hakujua kama chini yake kuna bonde au jabali. Mafundi walitengeneza injini nje, kwenye theluji, kwa vidole vilivyokufa ganzi. Katika hali hiyo Pattle aliendelea kushinda na Gladiator yake, na inakadiriwa kwamba ndege 15 alizitungua kwa chombo hicho kikuukuu. Mwezi Februari 1941 alitunukiwa nishani ya DFC, ambayo hupewa maofisa wa anga kwa ushujaa.

Mwezi huohuo Kikosi Namba 80 kilianza kupokea Hurricane. Tarehe 20 Februari, katika moja ya safari zake za kwanza na ndege hiyo, alikutana na Fiat G.50 ya Waitaliano, akasogea, akafyatua bunduki zote nane, na ile Fiat ikalipuka mbele ya macho yake. Mtu aliyezoea bunduki nne sasa alikuwa na nane, na ulengaji wake ulikuwa uleule.

Tarehe 28 Februari palitokea juu ya pwani ya Albania pambano lililosimuliwa sana baadaye. Waingereza walirudi wakidai kwamba wametungua ndege 27 za Waitaliano. Kumbukumbu za Waitaliano wenyewe zinaonyesha hasara ndogo zaidi kuliko hiyo, na msomaji anapaswa kulijua jambo hili mapema, kabla sijafika kwenye hesabu za mwisho. Marubani hawakuwa waongo. Katika pambano la ndege nyingi, watu watatu wanaweza kuipiga ndege moja na kila mmoja akaiona ikishuka na moshi, akajiandikia. Ndege nyingine hushuka kwa makusudi ili kukimbia, ikaonekana kama inaanguka, kumbe inarudi nyumbani ikiwa na matundu tu. Hakuna nchi iliyopigana vita vile ambayo madai ya marubani wake hayakuzidi ukweli kwa kiasi fulani. Pattle naye ahesabiwe kwa kipimo hichohicho.

Tarehe 12 Machi 1941 alikabidhiwa uongozi wa Kikosi Namba 33 huko Larissa, na siku chache baadaye akaongezewa utepe wa pili wa DFC. Kikosi hicho kilikuwa na marubani wenye uzoefu mkubwa wa jangwani, watu wa kujiamini ambao hawakuzoea kubanwa na taratibu. Kiongozi mpya alikuwa mgeni, mfupi, msemaji wa sauti ya chini. Alichowataka ni nidhamu angani: kila mtu amlinde mwenzake, kila mtu aangalie nyuma, na asipige mtu risasi kabla ya kufika karibu. Heshima aliipata upesi, kwa kuwa kila alichowaagiza walimwona akikifanya mwenyewe mbele yao.

Kisha wakaja Wajerumani. Tarehe 6 Aprili 1941 majeshi ya Hitler yaliingia Ugiriki na Yugoslavia kwa pamoja. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tarehe hiyo ina maana nyingine pia, kwani ndiyo siku ambayo Addis Ababa ilichukuliwa kutoka kwa Waitaliano, katika kampeni ambayo askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana. Vita vilikuwa vimeinyosha Uingereza hadi ikakaribia kukatika. Kulikuwa na Ethiopia, kulikuwa na Malta, na huko Libya jenerali wa Kijerumani, Rommel, alikuwa amekwisha kuanza kuwasukuma kurudi Misri. Ugiriki ilipelekewa zaidi ya askari 50,000, wengi wao kutoka Australia na New Zealand, lakini ndege zilizokuwa tayari kuruka siku ya uvamizi zilikuwa kama 80 tu za aina zote, dhidi ya mamia kwa mamia ya ndege za Wajerumani na Waitaliano.

Siku hiyo ya kwanza Pattle aliongoza Hurricane 12 kuelekea njia ya Rupel, kwenye mpaka wa Bulgaria. Walikutana na ndege za Messerschmitt Bf 109, ambazo zilikuwa na kasi kuliko za kwao, na ambazo marubani wake walitarajia kazi nyepesi. Kikosi Namba 33 kilidai ndege tano, mbili kati yake za Pattle, na hakikupoteza hata moja. Wajerumani nao walikiri hasara yao. Kwa saa chache watu wa Larissa waliweza kuamini kwamba mambo yangewezekana.

Hayakuwezekana. Usiku wa siku hiyohiyo ndege za Wajerumani zililipua meli iliyosheheni baruti katika bandari ya Piraeus, na mlipuko wake ukaivunja sehemu kubwa ya bandari ambayo jeshi lote lilitegemea. Nchi kavu, majeshi yalianza kurudi nyuma. Bila rada ya kutosha, viwanja vya mbele vilitegemea walinzi waliokaa milimani kutoa taarifa kwa simu, na kadiri Wajerumani walivyosonga, walinzi wale walitekwa au walikimbia, hivyo ndege za adui zikawa zinatokea bila onyo. Tarehe 15 Aprili Bf 109 ziliufikia uwanja wa Larissa wakati Hurricane zikipaa, na marubani wakauawa kabla hawajapata hata kimo cha kupigania. Ikabidi vikosi vyote vya ndege za kivita virudi Eleusis na viwanja vingine vya karibu na Athens.

Kuanzia hapo maisha ya Pattle yanakuwa orodha ya safari za angani. Alipaa alfajiri, akatua kujaza mafuta na risasi, akapaa tena. Katika siku kadhaa za juma hilo alitungua ndege zaidi ya moja kwa siku. Tarehe 19 Aprili inasemekana alipata sita. Katikati ya hayo yote aliugua. Alikuwa na homa kali, mwili ukimtetemeka, na baina ya safari alilala chini ya blanketi huku ofisa msimamizi wa kikosi akijaribu kumshawishi asipande tena ndege. King'ora kilipolia alilitupa blanketi na kukimbilia Hurricane yake.

Swali langu ni nani alimwacha afanye hivyo. Najua jibu ambalo huwa linatolewa, kwamba alikuwa kiongozi na hakuwa radhi kuwatuma vijana wake mahali asipokwenda mwenyewe. Jibu hilo ni la kweli na linampa sifa anayostahili. Lakini kiongozi wa kikosi ana wakubwa wake, na ni wajibu wa wakubwa kujua ni yupi kati ya watu wao amekwisha kuchoka, hasa yule ambaye hatakubali kusema. Mgonjwa mwenye homa hupoteza wepesi wa macho na wa uamuzi, na macho na uamuzi ndivyo vilivyomfanya Pattle kuwa Pattle. Tena vita vya Ugiriki vilikuwa vimekwisha kushindwa. Tarehe 18 Aprili Waziri Mkuu wa nchi hiyo, Alexandros Koryzis, alijiua. Tarehe 21, siku moja tu baada ya kifo cha Pattle, uamuzi wa mwisho wa kuyaondoa majeshi ukatolewa. Sisemi kwamba anga ya Athens ingeachwa wazi, kwani askari waliokuwa wakirudi kuelekea pwani walihitaji kila ulinzi uliopatikana. Nasema kwamba mtu mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa homa hakupaswa kuhesabiwa kati ya waliokuwa tayari.

Tarehe 20 Aprili ilikuwa Jumapili. Hurricane zilizosalia Ugiriki nzima, za Kikosi Namba 33 na Namba 80 zikiunganishwa pamoja, zilikuwa kama 15, na baadhi yake zilikuwa na viraka vya matundu ya risasi za siku zilizopita. Kati ya waliozirusha alikuwamo kijana mmoja mrefu aliyefika siku chache kabla, akiwa na saa chache tu za kurusha Hurricane. Jina lake Roald Dahl, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa vitabu vya watoto. Kabla ya vita Dahl aliishi Dar es Salaam akiifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell, na huko alijifunza Kiswahili. Novemba 1939 aliendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kujiandikisha katika Jeshi la Anga, akaanza mafunzo pale Nairobi kwa ndege ndogo ya Tiger Moth pamoja na wenzake 16. Kati ya hao 16, waliokuwa hai vita vilipokwisha ni watatu. Nimemtaja kwa sababu anaonyesha vizuri jinsi kikosi kilivyokuwa siku ile: mabingwa waliochoka kupita kiasi wakiwa pembeni ya wageni ambao hawakupewa muda wa kujifunza.

Tangu asubuhi Wajerumani walivishambulia viwanja vya Athens. Pattle alipaa na kupigana zaidi ya mara moja kabla ya pambano kubwa. Alasiri ikielekea jioni, ikaja taarifa ya kundi la ndege zipatazo 100 likielekea Piraeus, ambako meli zilikuwa bandarini: ndege za mabomu za Junkers Ju 88, zikisindikizwa na Messerschmitt za injini mbili, Bf 110, na nyingine za injini moja, Bf 109. Hurricane zilipaa moja moja na mbili mbili, kila iliyokuwa imekwisha kujazwa mafuta, na hazikupata nafasi ya kujipanga. Pattle alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka chini.

Walioshuhudia na kubaki hai walieleza jambo hili. Juu ya ghuba ya Eleusis Hurricane moja ilikuwa ikipanda kuikabili duara ya Bf 110, na moja ya ndege hizo ikashuka kuishambulia. Inaaminika kwamba aliyekuwa ndani ya Hurricane hiyo ni William Woods, aliyewahi kuilinda Malta kwa Gladiator wakati kisiwa kile kilipokuwa na ndege za kuhesabika kwa vidole vya mkono. Pattle, aliyekuwa juu, alishuka kumsaidia, ingawa alijua kwamba akishuka huko ataziacha Bf 110 nyingine nyuma yake. Aliipiga ile iliyokuwa ikimshambulia mwenzake ikawaka moto, lakini Hurricane ya Woods nayo ilikuwa imekwisha kushika moto na kuanza kuanguka. Pattle alipigana na waliomzunguka, na inaaminika alitungua nyingine kabla ya kupigwa. Rubani wa Kikosi Namba 80 aliyekuwa karibu alimwona ameinama mbele ndani ya chumba cha rubani, hasogei, huku moto ukitoka kwenye injini. Ndege ililipuka, vipande vikaanguka ghubani. Mwili wake haukupatikana.

Waingereza walipoteza Hurricane tano siku hiyo. Wajerumani walipoteza ndege kadhaa pia, lakini wao walikuwa na nyingine za kesho yake. Tarehe 23 Aprili zile Hurricane zilizobaki, zikiwa zimehamishiwa Argos, ziliteketezwa nyingi zikiwa ardhini, na tarehe 27 Wajerumani waliingia Athens. Askari wapatao 50,000 waliondolewa kwa meli kutoka fukwe za kusini, bila ndege za kutosha za kuwakinga.

Katika mkurupuko ule kumbukumbu za Kikosi Namba 33 zilipotea. Daftari ambamo kila pambano liliandikwa, nani alipaa, saa ngapi, na nani alidai nini, halikufika Misri. Ndiyo maana habari za Pattle zikanyamaza. Jeshi hutoa nishani kwa kufuata karatasi, na karatasi zake hazikuwapo. Nishani zake zilibaki zile mbili za DFC, za Februari na Machi, kana kwamba mwezi wa Aprili haukuwahi kutokea. Miaka baada ya vita, watafiti walianza kukusanya shajara za watu binafsi, barua, kumbukumbu za mafundi waliozijaza bunduki zake risasi na kuhesabu matundu kwenye mabawa yake, na taarifa za Wajerumani na Waitaliano. Kwa kazi hiyo ngumu wakafikia makadirio kwamba hazikupungua ndege 40, na wengi wanazifikisha 50 au zaidi. Johnnie Johnson, ambaye kwa hesabu zilizothibitishwa huwekwa mbele ya wenzake wote wa Jeshi la Anga la Uingereza, alitungua peke yake ndege 34, na alipigana hadi mwaka 1945.

Kuna rubani mwingine wa Afrika Kusini ninayemkumbuka kila ninaposoma habari za Pattle, naye ni Adolph Malan, aliyeitwa Sailor kwa kuwa aliwahi kuwa baharia. Malan alipigana juu ya Uingereza, alitungua ndege 27, na alipoona mwili umechoka aliomba mwenyewe apumzishwe, akakubaliwa. Aliishi, akarudi nyumbani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliongoza maelfu ya askari wa zamani katika maandamano ya kupinga serikali ya ubaguzi wa rangi ilipotaka kuwanyang'anya Machotara wa Cape haki ya kupiga kura. Hatuwezi kujua Pattle angefanya nini katika nchi ile kama angerudi, kwa sababu hakupewa hiyo nafasi ya kurudi.

Jina lake limechongwa katika Mnara wa Kumbukumbu wa Alamein, Misri, pamoja na ya wenzake wasio na makaburi. Bado mashabiki wa historia wanabishana juu ya idadi yake, huyu akitoa tatu, yule akiongeza mbili, na mara nyingine ubishi wenyewe hunifurahisha, kwani watu wanaobishana kuhusu mtu angalau wanamkumbuka. Nikiulizwa mimi, husema ni 40 na ushei, na kwamba siku aliyokufa alipaswa kuwa kitandani.